Mzee Nane na Fidia ya Pili

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka kinyozi wa kona ya stesheni, Mzee Nane. Nane ni idadi ya vidole vyake. Viwili vilibaki melini, na mwenyewe alikuwa akisema vinaendelea kusafiri bure.

Kabla ya ukinyozi alikuwa baharia, mgeni kwenye meli ya nchi nyingine. Siku moja wakifunga meli gatini, kamba ikambana mkono. Vidole viwili vikaenda. Bima ya kwao ikamlipa. Bima hiyo, shikeni hapo, alikuwa akiichangia mwenyewe kutoka kwenye mshahara wake. Pesa zote zikaishia hospitali.

Ikabaki fidia ya pili, ile ambayo sheria ya nchi yenye meli inamtaka mwajiri alipe. Hiyo ndiyo ingemfungulia saluni. Ikikosekana, ni kurudi kulala sebuleni kwa shemeji yake, na shemeji alishaanza kuuliza godoro litaondoka lini.

Sasa, melini kuna desturi. Ukipewa amri, unairudia kwa sauti ili mkubwa ajue umesikia. Desturi hiyo ilimkaa kooni. Wakala wa meli akamwita ofisini, akamkazia macho: "Wewe umeshalipwa kwenu. Huna dai lingine."

Mzee wetu akasimama wima. "Sina dai lingine, sawa!"

Wakala akaandika mbio mbio. Mke wa Mzee Nane, aliyekaa pembeni, akashika kichwa. Njiani akamwambia mkono umepona, sasa watibu mdomo.

Kesi ikafika kwa afisa wa fidia. Wakala akasema mtu huyu keshalipwa, tena amekiri mwenyewe. Mke akaomba ruhusa ya kusema.

"Mheshimiwa, naomba umwambie mume wangu kwamba yeye ni mjamzito. Kwa sauti ya kikubwa."

Afisa akasita, akakohoa. "Wewe ni mjamzito."

"Mimi ni mjamzito, sawa!"

Hata wakala alicheka, ndipo akakumbuka yuko upande gani. Kukiri kukafutwa. Kisha afisa akauliza kama kampuni iliwahi kuchangia ile bima ya kwao, hata senti. Wakala akapekua makaratasi yake, akakiri haikuchangia.

"Basi," afisa akasema, "blanketi alilojinunulia baharia, mwajiri hawezi kujifunika nalo."

Fidia ya pili ikalipwa yote. Narudia, wasikilizaji wapendwa: yote.

Saluni ikafunguliwa. Unasema, "Punguza pembeni," unajibiwa, "Kupunguza pembeni, sawa!" Mimi mwenyewe siku moja nilimwambia kwa utani asinidai. Akaitikia, "Kutokudai, sawa!" Halafu akaninyooshea mkono, tena ule wa vidole vitatu.

Wiki iliyopita, Mzee Nane akiwa mgonjwa kitandani, binti yake alimwambia, "Lala, baba. Pumzika." Akajibu kwa sauti ndogo, "Kulala na kupumzika, sawa." Hakusema tena.

Pole sana, mama. Pole, binti, na wote mliozoea kiti kile. Nanyi mnaofanya kazi mbali na kwenu, mkiambiwa mmeshalipwa, msiitikie upesi. Ulizeni kwanza: mfuko uliolipa ni wa nani?

Mama ametuomba tusimkumbuke mumewe kwa kukaa kimya. Anataka tumwitikie. Basi hapo ulipo, msikilizaji, simama wima kidogo.

Mzee Nane apumzike.

Sawa.