Pankrasi wa Tadei, Aliyezaliwa Pasaka na Siyo Siku ya Somo Wake

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, viongozi wa mtaa na wa jumuiya, wenzetu wa ushirika, ndugu wa Mpitimbi mliotembea tangu alfajiri, na ninyi watani wetu mnaonikonyeza huko nyuma ili nikosee, naitwa Otto Tadei Luambano, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, nimepewa na ukoo kazi ya kusoma historia hii kwa sababu nina sauti kubwa kuliko wote, na kwa sababu nyingine ambazo wenye wivu hawazitaji.

Kabla sijaanza niondoe jambo moja. Tangazo liliposomwa redioni juzi jioni, watu wengi walikwenda kulia Mfaranyaki, kwa Pankrasi Luambano mwingine, mtoto wa baba yetu Anselmo, wakamkuta anakunywa chai, naye akawaambia, "Mimi bado jamani, machozi hayo yapelekeni Mjimwema." Kwa hiyo nasema wazi, tunayemzika leo ni Pankrasi wa Tadei, na Pankrasi wa Anselmo ni yule aliyekaa karibu na jeneza, yu hai, mnaweza kumgusa.

Marehemu Pankrasi Tadei Luambano alizaliwa kijijini Mpitimbi siku ya Jumapili tarehe 17 Aprili 1938, Jumapili ya Pasaka, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto saba wa mzee Tadei Luambano na mama yetu Getruda, na tarehe hiyo naomba muishike vizuri, maana kwa miaka hamsini na mitano yeye mwenyewe hakuijua, na ilipopatikana ilimtoa jasho, kama mtakavyosikia nikifika mahali pake. Baba yetu Tadei na baba yetu Anselmo walikuwa mapacha, bibi akafa bila kusema nani alitangulia kutoka, wake zao nao wakajifungua karibu karibu, watoto wakabatizwa pamoja tarehe 12 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Pankrasi, na padre akawapa wote wawili jina la siku. Basi wakakua na jina moja, ukoo mmoja, kijiji kimoja, na ugomvi mmoja, kwamba nani mkubwa, maana mdogo ndiye anayepaswa kuamkia, na hawa wawili wakikutana njiani kila mmoja alisimama kungoja shikamoo ya mwenzake, jua linawachoma, mpaka mmoja ajifanye ameitwa.

Kuhusu elimu, marehemu alianza shule ya misheni pale Mpitimbi mwaka 1947, akamaliza darasa la nne mwaka 1950, akaendelea hadi la sita, hesabu zilimpenda na yeye akazipenda, mimi niliishia la tano, siyo kwa ujinga kama mnavyosimuliwa, ila mwalimu hakuvumilia kuzidiwa maneno.

Kuhusu kazi, mwaka 1956 alikwenda kukata mkonge Tanga kama vijana wengi wa Kingoni wa wakati ule, akarudi mwaka 1961 na baiskeli na koti la mvua, na tarehe 1 Machi 1966 akaajiriwa na chama cha ushirika hapa Songea kupima tumbaku, kazi aliyoifanya bila mkulima hata mmoja kuona haja ya kumchungulia vidole kwenye mizani.

Alifunga ndoa takatifu na Epifania Nyoni tarehe 8 Agosti 1964, posa niliipeleka mimi ingawa nilikuwa na ndevu tatu tu kidevuni, na maneno yote matamu yaliyosemwa siku ile yalikuwa yangu, wakajaliwa watoto wanne, Lidwina, Aidan, Pamela na Calvin, na wajukuu tisa, wa kumi yuko njiani, mama yake ni yule pale, tafadhali mtu asimpe ndoo abebe.

Sasa narudi kwenye kazi, maana kuna jambo nimeliruka makusudi. Mwaka 1992, biashara ilipokuwa imeachiwa huria na malori ya watu binafsi yanafuata mahindi hadi mlangoni kwa mkulima, chama chetu kiliambiwa kijipange upya, zile orodha za zamani za kijiji kwa kijiji ziachwe, kila mwanachama awe na kadi yake yenye visanduku, jina la ubatizo, jina la ukoo, kijiji, tarehe ya kuzaliwa na ekari, na kadi zote ziingizwe kwenye kompyuta, ambayo ilishushwa kutoka kwenye gari imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Mashine ile ilikuwa na masharti kuliko mganga, ukiacha kisanduku wazi inakataa, ukiandika herufi mahali pa namba inakataa, ukiipelekea mwezi wa kumi na tatu inakataa, na ukileta mtu mmoja mara mbili inapiga kelele, kwa hiyo marehemu akateuliwa kuwa mkaguzi, azipitie kadi kwa macho kabla hazijamfikia Ramson, mtaalamu wa mashine, akapewa meza yenye vikapu viwili, kimoja cha kadi nzima na kingine cha kadi za kurudi kwa mwenyewe.

Kikapu cha kurudi ndicho kilichofurika. Watu walikuwa wameandika ekari "kuanzia mgomba wa mwisho hadi mtoni," mzee mmoja kwenye tarehe ya kuzaliwa akaandika "mwaka wa nzige, asubuhi," mwingine akaandika "muulizeni mama," na mama mwenyewe tulishamzika, basi marehemu akawa anapanda baiskeli kuwafuata mashambani, akiwaambia, "Sikukatai wewe, naikataa kadi yako, njoo tuitengeneze ifanane na wewe." Alikaa nao kwenye majamvi akiwauliza ulizaliwa kabla ya nzige au baada, mama yako alikuwa anapalilia au anavuna, na aliyekuja na tarehe ya kubuni ili amalize haraka, kadi yake ilirudishwa, awe mkulima au diwani.

Lakini wengi walifanya kama tunavyofanya sisi Wakatoliki wa huku, mtu asiyejua siku aliyozaliwa hutaja sikukuu ya somo wake, yaani mtakatifu wa jina lake, na mashine haikuona kosa, maana tarehe ni tarehe, hadi katikati ya Juni 1993, Ramson alipoingiza kadi ya mkaguzi mwenyewe, akamwita, "Mzee Pankrasi, mashine inasema ulishaingia." Marehemu akajibu, "Niingie wapi, ndiyo kwanza navua kofia." Kumbe Pankrasi wa Anselmo alikuwa amewahi, Pankrasi, Luambano, Mpitimbi, 12 Mei 1938, na kwa kuwa kadi haikuwa na kisanduku cha baba, machoni pa mashine watu hawa wawili walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa kaka yangu. Jambo lenyewe halikuwa la mchezo, kwa sababu ambaye angekuwa hajaingia ifikapo tarehe 30 Juni asingekuwa mwanachama, mbolea ya msimu asingepata, na mtumishi asiye mwanachama alikuwa anapewa mkono wa kwaheri.

Ramson, kwa nia njema, akamshauri aandike tarehe 13 yaishe, marehemu akamwambia, "Mwanangu, ukiniandika kumi na tatu umenifanya mdogo wa yule bwana, nitamwamkia mpaka kaburini." Shemeji Epifania naye akamwambia mbele yangu, "Baba Lidwina, shikamoo hailimi shamba, andika kumi na tatu tukapande." Akafikiria kumi na moja, habari ikafika Mfaranyaki, Pankrasi wa Anselmo akaja ofisini mbio akisema, "Akiandika kumi na moja, mimi naandika kumi!" mwenzake akasema tisa, wakateremka hivyo mbele ya kaunta hadi wakaingia mwezi Machi, Ramson akawaomba wakumbuke kwamba mama zao nao walihitaji muda wa kubeba mimba.

Usiku ule marehemu aliniambia kwamba ameona haya, amewarudishia watu kadi za kubuni mwaka mzima, halafu yeye anauza tarehe kama dagaa, na Jumamosi tarehe 26 Juni tukapanda baiskeli kwenda Mpitimbi kwa shangazi Benigna, dada yao wale mapacha, aliyewapokea watoto wote wawili kwa mikono yake, milimani nilikuwa namsukuma mimi. Shangazi alikuwa anapepeta mahindi, akatucheka, akasema, "Mmezeeka bila kuniuliza? Mtoto wa Anselmo alizaliwa Ijumaa Kuu, sisahau, walinichinjia kuku wa ukunga nikabaki kumnusa tu kwa sababu ya mfungo. Wewe ulikuja siku ya Pasaka, kuku wako nilimla hadi mifupa." Tukapita misheni, padre akatufungulia kalenda ya zamani, Ijumaa Kuu ya mwaka ule ilikuwa tarehe 15 Aprili na Pasaka tarehe 17.

Njiani kurudi nilimpa shauri, na mpaka leo naliona zuri, nikasema, "Kaka, umeshinda, andika Aprili kumi na saba, yeye muache na Mei yake, mashine itakukubali, na kwa karatasi wewe ndiye mkubwa, shangazi haji mjini." Akasukuma baiskeli hadi juu ya kilima, halafu akasema, "Kadi yangu itakuwa nzima, Otto. Ya kwake je?"

Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Mfaranyaki, akamkuta Pankrasi wa Anselmo amekaa barazani kwa Bakili mwenye duka, watu wamejaa, akavua kofia, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, kaka." Yule alidhani anadhihakiwa akaokota fimbo, lakini alipoelezwa habari ya kuku wawili aliiweka chini, akaitikia marahaba ndefu kiasi kwamba wateja walimaliza kunywa soda kabla haijaisha. Jumatatu kadi zote mbili zilirekebishwa, mashine ikazimeza bila kelele, na tangu siku hiyo Pankrasi wa Anselmo akawa na safari nyingi sana za kupita Mjimwema, asubuhi anatafuta kiberiti, jioni anarudisha kiberiti, ilimradi aamkiwe.

Marehemu alianza kuvimba miguu mwezi Machi mwaka huu, akalazwa hospitali ya misheni tarehe 14 Septemba, ikaonekana ni figo, na kaka yake hakukosa hata jioni moja kuja, akisema amefuata shikamoo yake, na sauti ilipokwisha marehemu alikuwa anainua vidole viwili juu ya shuka, na mwenzake anaitikia kama kawaida. Alifariki dunia Alhamisi tarehe 9 Oktoba 1997, saa kumi alfajiri, akiwa amekwisha pokea sakramenti zote.

Ukoo unawashukuru madaktari, masista na wauguzi wa hospitali, majirani wa Mjimwema kwa kuni, maji na majamvi, jumuiya kwa sala, wenzake wa ushirika na Ramson aliyesafiri siku mbili kufika hapa, na nyote mliolia nyumba isiyo yenyewe, machozi yenu tumeyapokea.

Nimalizie kwa jambo nililoliona jana jeneza lilipofika. Pankrasi wa Anselmo alisogea, sote tukidhani anakuja kungoja salamu yake kama alivyozoea, akasimama kidogo, akavua kofia, akainama yeye, akasema, "Shikamoo. Leo wewe ndiye uliyetangulia."

Pumzika kwa amani, Pankrasi wa Tadei, huko uendako hakuna atakayekuchanganya na mwingine.