Mwalimu Yuliana Banzi na Karatasi ya Vipimo

Tarehe 30 Juni 2025, Mwalimu Yuliana Banzi anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Sanaa Bondwa, hapa Morogoro, kwa miaka thelathini na minne. Aliingia na ufagio akiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Anatoka akiwa mkuu wa idara ya baleti yenye wanafunzi themanini na mmoja. Mdogo kuliko wote ana miaka saba, mkubwa ana sabini na minne.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Benedikto Mloka, niliyekuwa mkurugenzi wa kituo hadi mwaka 2009, niandike wasifu huu. Nina miaka themanini na tatu, figo zimechoka, na daktari hakunificha kitu. Kwa hiyo nitaandika yote, pamoja na yale ambayo kamati haikuyaomba.

Yuliana alizaliwa Kinole, katika familia ya wakulima wa ndizi na mdalasini. Kazi yake ya kwanza kituoni ilikuwa kupiga deki sakafu ya ukumbi na kufuta madirisha. Siku hizo mwalimu mgeni kutoka Ulaya alikuwa akiwafundisha baleti watoto kumi na wawili. Dirisha moja, lililokuwa mkabala na darasa, Yuliana alilifuta kwa saa nzima. Nilimkaripia mara mbili kwa uvivu. Sikujua kwamba alikuwa akiyashika mazoezi yote kichwani, kwa mpangilio wake, pamoja na muziki.

Mwaka 1993 mwalimu yule alirudi kwao. Aliacha sanduku la magauni ya jukwaani na karatasi moja ya vipimo. Maneno yake yalikuwa ya lugha ya kwao, ambayo sikuijua. Namba nilizisoma, nikazikisia kwa mchoro wa mwili uliokuwa pembeni: umri miaka minane hadi kumi, kiuno sentimeta 56, nyonga 66. Nikaamua kwamba hivyo ndivyo vigezo vya kuingia baleti. Nilikuwa na shahada mbili, nikaona haya kumwandikia mtu barua ya kuuliza. Mwalimu aliyekuja baadaye kutoka Dar es Salaam nilimwambia vigezo vimetoka Ulaya, naye hakuuliza.

Kuanzia hapo, kila Januari, watoto walipanga foleni ukumbini. Yuliana alishika futi ya fundi cherehani, mimi niliandika. Aliyezidi alirudishwa nyumbani. Kwa miaka kumi na moja tuliwarudisha watoto mia mbili na kumi na watatu. Daftari ninalo.

Mmoja wao alikuwa Mwaisha Pazi, mwaka 1999. Alikuwa na miaka kumi na minne, umri nikamlegezea, mama yake muuza ndizi. Alikuwa ameteremka mlimani na mama yake tangu alfajiri, mkungu kichwani, shingo imenyooka kama mlingoti wa bendera. Yuliana alizungusha futi, akasema kwa sauti ya chini, "Tisini na moja." Nami nikamwambia binti yule, mbele ya foleni nzima, kwamba mwili wake si wa baleti. Alivaa kandambili zake akaondoka. Hakulia. Mama yake ndiye aliyenitazama.

Mwaka 2004 Yuliana aliyatoa magauni sandukuni kuyaanika, maana wadudu walikuwa wameanza kuyala. Futi ilikuwa mfukoni mwake kama kawaida. Saa nne asubuhi aliingia ofisini kwangu na gauni moja mkononi.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Hilo gauni vipi?"

"Nimelipima. Kiuno hamsini na sita, nyonga sitini na sita. Nimeyapima yote kumi na mawili, namba ni zilezile."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ile karatasi ni ya fundi, mzee. Miaka yote hii tulikuwa tunayatafutia magauni watoto wa kuyatosha. Si tungeshona mengine?"

Nilifunga mlango. Nilimwomba anyamaze, nikamuuliza anataka nini. Alisema hataki kitu, ila kama ukumbi haukaliwi Jumamosi mchana, aachiwe ufunguo. Nilimpa. Upimaji niliufuta mwaka uleule, bila kumweleza mtu sababu.

Jumamosi ya kwanza alikuja peke yake, akashika bomba la mazoezi lililofungwa ukutani, akaanza baleti akiwa na miaka thelathini na tisa. Jumamosi ya tatu walikuwa wanne. Mmoja alikuwa Mzee Tomasi, mstaafu wa mapema wa reli kutoka Kisaki, aliyeambiwa na daktari anyooshe mgongo. Akinamama walimkaribisha kwa utani: "Mzee, hapa hakuna stesheni, ukianza kuzunguka utasimamia wapi?" Tomasi akajibu kwamba atasimama atakaposhikwa, basi wajiandae. Ndiye huyo leo mwenye miaka sabini na minne, na bado anahesabu mapigo kwa kupuliza kama kichwa cha treni.

Yuliana hakuwafundisha wote namna moja. Mwenye goti bovu alipunguziwa kina cha kuchuchumaa. Mwenye mwili mkubwa alianza kwa kujifunza uzito wake uko wapi, kisha akaruka, na akatua kwa kishindo kidogo kuliko wembamba. Miguu alitaka ifunguke kwa nje kuanzia nyongani, ole wako ulazimishe goti. Viatu vya kusimamia ncha za vidole aliwanyima wengi: mifupa ya mtoto ingoje, alisema, na ya mtu mzima iulizwe kwanza. Kwa wanawake wa milimani alikuwa na sentensi moja: "Shingo na mgongo mmekuja navyo, hapa tunaongeza miguu tu."

Alikwenda kozi ya ualimu Bagamoyo, akarudi na cheti. Mwaka 2008 kituo kilipata tuzo ya mkoa kwa darasa la watu wa kila umri. Jina langu likachongwa kwenye bamba la ukutani kama mwanzilishi. Nilihutubia dakika ishirini. Yuliana aligawa soda.

Mwaka uliofuata Mwaisha alirudi, ana miaka ishirini na minne na mtoto mmoja. Alinisalimu kwa heshima, kisha akauliza, "Mzee, mwili wangu ulikuwa na nini?" Nikamjibu kwamba siku hizi taratibu zimebadilika. Yuliana alikuwa amesimama pale na daftari la mahudhurio. Alinipa nafasi ya kuendelea. Mimi nikatazama saa. Akamgeukia Mwaisha: "Njoo Jumamosi, mwanangu. Vaa nguo unayoweza kuinama nayo."

Leo Mwaisha ni mchezaji wetu bora, na kuanzia tarehe 1 Julai ndiye mkuu mpya wa idara. Lakini kila mwaka huwachekesha wanafunzi wapya kwa kuwaambia kwamba yeye na nyonga zake waliingia baleti kwa msamaha. Darasa hucheka. Yuliana hacheki.

Mwezi uliopita alikuja kuniona nyumbani na ndizi za kwao. Nilimwambia naandika wasifu wake, niweke nini.

"Weka ile karatasi."

"Nitachekwa, Yuliana."

"Mzee wangu, wewe utachekwa mchana mmoja. Mwaisha amejidhania ana kasoro miaka ishirini na sita."

Basi nimeiweka. Mwaisha, namba niliyokuhukumu nayo ilikuwa ya gauni la mtoto wa miaka tisa. Mwili wako haukuwa na kosa lolote, na hukuingia hapa kwa msamaha. Anayeuhitaji ni mimi, kwako na kwa wale wengine mia mbili na kumi na wawili. Daftari nimemkabidhi Yuliana, na ameshaanza kuwatafuta. Watano wamejiandikisha tayari, mmoja akiwa na miaka arobaini.

Bamba lenye jina langu nimeomba liondolewe kabla ya sherehe. Mahali pake patatundikwa gauni, karatasi imebanwa kifuani na futi ikining'inia pembeni. Kila atakayeingia apime mwenyewe.

Mwalimu Yuliana, ahsante kwa miaka thelathini na minne. Nenda ukapumzike Kinole kwa amani na afya, ukiwa umeshinda. Na Jumamosi, miguu ikikataa kupumzika, ufunguo bado ni wako.