Mwenye Picha ya Dari

Mama Kahawa alikuwa ameinamia beseni, anasuuza vikombe, Kinyozi alipotoka mbio dukani kwake na mkasi mkononi, akatangaza kwamba leo kabla ya magharibi mtu anatolewa. Si kutolewa nyumbani. Ni kwenye kundi la simu la Mtaa Wetu, ambalo Kinyozi ndiye msimamizi wake, na ambalo siku hizi lilikuwa limejaa matangazo ya utapeli kama jaa lililosahauliwa. Kwenye benchi la Mama Kahawa walikuwapo wale wa kila siku: Soli, fundi viatu, na Waya, fundi redio. Wakasogea, Kinyozi akakaa, mabishano yakaanza.

— Jana maji yametoka mtaa mzima, mimi sina habari! alisema Kinyozi. Tangazo la maji limefukiwa chini ya sabuni ya kuyeyusha tumbo, umeshinda gari, na tuma kwa watu kumi upate baraka. Mteja wangu kaondoka na povu kichwani.

— Nilimwona, alisema Soli. Nikadhani mvi.

— Na yote yanatoka namba moja. Mpya. Haina jina, ina picha tu. Tazameni.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Ilipomfikia Mama Kahawa, akaisogeza karibu na macho. Picha ilikuwa ya dari nyeusi kwa moshi, yenye doa la umbo la sikio. Doa lile alilijua vizuri. Lilikuwa juu ya meko yake mwenyewe.

Mama mkwe!

Akarudisha simu, akamimina kahawa. Mama mkwe alihamia kwake mwezi uliopita, na kabla ya kupewa simu alikuwa na kazi moja tu: kusimama nyuma ya mkamwana wake jikoni na kuguna. Tangu aingizwe kundini anaamka akiwa na watu wa kusalimiana nao, anacheka peke yake, na jikoni kuna amani. Akitolewa leo, kesho asubuhi mguno umerudi.

— Hilo ni pango la matapeli, alisema Waya. Oneni moshi. Wako kama arobaini humo, wanapokezana.

— Pango? Mama Kahawa alishindwa kujizuia. Si jiko la mtu tu?

— Jiko gani chafu hivyo, dada?

Akamwekea Waya kikombe mbele yake kwa kishindo.

— Mimi nasema huyo si mtu, alisema Soli. Ni mashine. Binadamu gani anaamka alfajiri kutangaza sabuni?

— Mashine yenye moshi hivyo? alisema Kinyozi. Hiyo imeungua!

— Ndiyo maana haisikii. Asiyesikia la mkuu huungua guu.

— Nyie mnacheza, Waya alishusha sauti. Hiyo ni setilaiti. Inapita juu yetu alfajiri, inapima nani ana tumbo, inamtumia sabuni. Mbona mimi nimetumiwa mara tano?

Wote wakalitazama tumbo lake. Hoja ilikuwa nzito.

— Basi namtoa, alisema Kinyozi, kidole juu ya kioo. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, kwa hiyo tusicheleweshe.

— Ngoja kwanza! alisema Mama Kahawa. Mgeni siku mbili.

— Huyu ana wiki ya pili. Jembe limeshapitwa, sasa ni teke!

Hapo akatokea mama mkwe mwenyewe, simu kaifunga kwenye leso kama yai.

— Mkamwana, nisaidie. Nimechoka kufunua kurasa.

— Kurasa zipi, mama?

— Za humu ndani. Nikimaliza kusoma nabonyeza mshale, nigeuze ukurasa. Basi inaniletea majina, inaniuliza mimi ni wa wapi. Naijibu: Mtaa Wetu. Nimeijibu mpaka kidole kinauma, haishiki!

Akabonyeza kuwaonyesha. Simu ya Kinyozi ikalia. Ya Soli ikalia. Ya Waya ikalia. Sabuni.

Soli alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye benchi, tena kweli, na viatu vya watu mapajani. Kinyozi alijikaza, kwa kuwa msimamizi ni msimamizi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba.

— Huo mshale si wa kufunua. Ni wa kutusambazia sisi. Anayeingia kundini lazima ajue sheria!

— Sawa, mwanangu. Sasa anayeingia anaambiwa na nani?

Kinyozi akamtazama Soli. Soli, angali chini, akamtazama Waya. Waya akatazama mawinguni, pengine setilaiti ingejua. Mama Kahawa akainamisha birika ili angalau wapate cha kunywa; likatoa tone moja, likaishia hapo.

Kinyozi akaondoa kidole kwenye kioo.

— Kaa hapa, mama.

Kilichofuata hakikuwa somo, kilikuwa vurugu: simu moja, walimu watatu, na mwanafunzi anayewachapa vidole kila wakimgusia kioo. Magharibi ikawakuta hawajafika popote. Mama mkwe akainuka kwenda nyumbani, nao wakamfuata nyuma mpaka ndani, huyu akisema bonyeza hapa, yule akisema usithubutu.

Mama Kahawa akapakua maharage. Akahesabu vichwa kwa mwiko, kama kila jioni: mume, watoto, mama mkwe aliyeng'ang'ania simu yake. Wapo. Akawahesabu na Soli, Waya na Kinyozi, akaongeza maji kwenye mchuzi, akaketi. Hakuna aliyetolewa.