Mwalimu Gladness Ngosha, Aliyesomea Utamaduni na Masoko (1981–2025)

Mchungaji, wazee wetu, majirani, na ninyi mliovuka kutoka Mwanza kuja kutuzika: shikamooni, na poleni kwa safari. Mimi ni Nestory, mdogo wake marehemu, niliyemfuata kuzaliwa. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu. Kichwa mnachokiona juu ya karatasi kilichaguliwa na baba mwenyewe. Najua wapo hapa wanaodhani tumekosea, maana kijiji hiki kilimwita Mwanasheria kwa zaidi ya miaka ishirini. Hatujakosea. Nivumilieni kidogo.

Gladness Ngosha alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 hapa hapa Nyampande, wilaya ya Sengerema, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Ngosha Shimba na mama yetu, Bi. Suzana. Siku hiyo baba alikuwa mnadani. Aliporudi akaambiwa amepata binti, akauliza kama mama wa mtoto ni mzima, akanawa uso, kisha akaenda zizini kuwaambia ng'ombe. Ni mama anayesimulia hivyo, na baba hajawahi kukanusha.

Alikua akimfuata baba kama mkia. Mtoto wa kike mnadani wakati ule alikuwa jambo la kushangaza, lakini ukimwacha nyumbani alilia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Huko ndiko alikoanza kuona mambo ambayo sisi wengine tuliyapita tu. Kwetu, ng'ombe akiuzwa, kamba haiuzwi. Mnunuzi huja na kamba yake. Baba humfungua ng'ombe, huizungusha kamba mkononi, hurudi nayo na kuitundika kwenye mti wa mlango wa zizi. Wengi mliopo hapa mnafanya hivyo hivyo. Gladness alipokuwa mdogo aliuliza kwa nini. Baba akamjibu, "Ng'ombe anaondoka, kamba inabaki. Kula ugali." Basi akala ugali, lakini swali hakulimeza.

Alisoma Shule ya Msingi hapa Nyampande kuanzia mwaka 1989 hadi 1995, akaendelea na sekondari Mwanza mjini, kisha kidato cha tano na cha sita Musoma, alikomaliza mwaka 2002. Mwaka huo huo alichaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Ghuba, Mwanza, kusomea sheria. Baba alimuuza ng'ombe mwekundu, yule mwenye pembe moja iliyoinama, ambaye watoto wote wa nyumba hii tulikunywa maziwa yake. Kijiji kizima kilijua ng'ombe yule amekwenda wapi. Tulimsindikiza dada mpaka kivukoni Busisi. Nakumbuka pantoni ilivyojaa akina mama wa mayai, karanga na sato wa kukaanga, na yeye amesimama katikati yao na sanduku lake la bati, anawatazama wanavyouza badala ya kututazama sisi tuliokuwa tunampungia mkono. Siku hizi tunapita darajani kwa dakika chache, na ni jambo jema. Ila pantoni ile naikumbuka.

Disemba ya mwaka wa pili alirudi likizo. Tukiwa tunakula, akamgeukia baba.

"Baba, kwa nini ng'ombe akiuzwa hutoi kamba?"

"Ndiyo wanayowafundisha kwenye sheria?"

"Sisomi sheria, baba. Nilihama."

"Ulihamia wapi?"

"Kuna digrii inaitwa Utamaduni na Masoko. Tunajifunza jinsi mila za watu zinavyoongoza kuuza na kununua, na soko nalo linavyozigeuza mila."

Baba alitafuna, akameza, akanywa maji. "Kwa hiyo nimeuza ng'ombe mwekundu uende Mwanza, halafu urudi kuniuliza mimi habari za kamba."

Mama alicheka, lakini alicheka peke yake.

Baba hakumkaripia, wala hakumwambia arudi kwenye sheria. Alifanya jambo moja tu: hakumwambia mtu. Kwa majirani, kanisani na mnadani, binti yake aliendelea kusomea sheria. Mwaka 2005 ulipofika wakati wa mahafali, baba alisema hawezi kusafiri kwa kuwa ng'ombe wana homa. Mimi ndiye niliyekuwa nachunga ng'ombe hao, na nawahakikishia walikuwa wazima kabisa. Tulikwenda mimi na mama. Gladness alipiga picha na sisi huku akiangalia geti.

Tangu hapo kila akija Krismasi aliwakuta wateja. Mzee Maige yupo hapa, atanisamehe nikimtaja. Alikuja na ugomvi wa mpaka wa shamba, akaketi, akasema, "Mwanasheria, wewe ndiye tuliyekuwa tunakungoja." Dada alimsalimia, "Shikamoo, Mzee Maige," akamtazama baba. Baba alikuwa anakagua mpini wa jembe ambao haukuwa na kasoro yoyote. Dada akasikiliza ugomvi mpaka mwisho, na aliporudi mjini akamtafutia mzee rafiki yake aliyesomea sheria kweli. Mzee Maige alishinda. Sifa zikamwendea Gladness, na uongo ukazidi kunona.

Mimi nilimshauri amalize mambo, aseme ukweli mbele ya watu. Alikataa. Alimwambia mama maneno ambayo mama ameniruhusu niyaseme leo: "Nikisema mimi, nitakuwa nimemuumbua baba yangu. Nataka aseme yeye. Siku moja tu, mbele za watu, aseme nilichosomea." Alilisubiri hilo maisha yake yote ya utu uzima. Si kwamba alikuwa na kinyongo. Alimpenda baba kupita kiasi, na ndiyo maana lilimuuma.

Kazi aliianza mwaka 2006 katika chuo kile kile alichosoma, kama msaidizi, na baada ya shahada ya pili, ambayo utafiti wake aliuandika juu ya kamba ya ng'ombe aliyeuzwa, akawa mhadhiri wa somo lake hadi alipougua. Aliishi Buhongwa. Hakuwa mwalimu wa kukaa darasani. Aliwapeleka wanafunzi mwaloni Kirumba, mitumbwi inakoshusha samaki, kwa wauza dagaa, stendi ya Buzuruga kwa wauza matunda, na minadani. Aliwaambia wengine wanunue bila salamu na wengine waanze na shikamoo, kisha walinganishe mafungu. Alitaka wajue kwa nini mama wa dagaa anakuongezea kiganja juu ya fungu bila kuombwa, kwa nini mteja wa kwanza asubuhi hafukuzwi hata akitaja bei ya ajabu, na muuzaji anapomwambia mpita njia "niungishe" anaomba nini hasa. Kwenda naye sokoni kununua nyanya ilikuwa adhabu. Ungesimama pembeni na kikapu, yeye anamhoji muuza nyanya habari za mama mkwe wake.

Kuna watu waliouliza kozi hiyo ina faida gani. Soko moja jijini lilipojengwa upya, meza zilikuwa zigawiwe kwa bahati nasibu. Dada alikwenda kueleza kwamba akina mama wale hukaa kwa ujirani: huyu akienda kunyonyesha, yule anamuuzia, huyu akifiwa, wa pembeni ndiye anayepeleka taarifa. Ukiwatawanya, umewapa meza na kuwanyang'anya biashara. Alisikilizwa, wakapangwa na majirani zao. Baadhi yao wako hapa, chini ya turubai la pili, na wamekaa kama wanavyokaa sokoni.

Tarehe 8 Agosti 2009 alifunga ndoa kanisani Buzuruga na shemeji yetu Jonathan Okwach, fundi wa injini za boti, mwenyeji wa Rorya. Siku ya mahari ukoo wa Okwach ulileta ng'ombe hapa nyumbani. Baba alizifungua kamba moja moja akawarudishia. Wageni wakashangaa, wakadhani tumekataa. Baba akasema, "Ng'ombe nimepokea. Kamba ni zenu. Na huyu binti ninayewapa, kamba yake inabaki kwangu." Mzee Oyoo, mshenga wao, akauliza, "Sasa mzee, tunaondoka naye akiwa amefungwa au amefunguliwa?" Watu walicheka mpaka mapishi yakaungua. Gladness hakucheka. Alifuta macho kwa ncha ya kanga, na baadaye aliniambia kwamba siku ile baba alikuwa amemjibu swali lake la kamba. Ila jina la somo baba hakulitaja.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Precious mwaka 2011 na Alexander mwaka 2014. Nyumba yao ilikuwa ya kelele nyingi na samaki wengi. Jonathan hakuwahi kuelewa kwa nini mkewe hanunui samaki kwa mtu yule yule anayemuuzia yeye kwa bei nafuu. Gladness alimjibu kwamba yule wake anamuuliza watoto wanaendeleaje.

Mapema mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, na mwaka uliofuata madaktari wakagundua kuwa figo zimeathirika. Alitibiwa hospitalini jijini Mwanza, akisafishwa damu kila wiki. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia. Alipodhoofu, baba alivuka kwenda Buhongwa akakaa naye. Mtu ambaye hajawahi kulala mbali na ng'ombe wake alikaa mjini tangu Mei mwaka huu.

Walikuwa wakikaa barazani jioni, dada kwenye kiti cha uvivu, baba kwenye kigoda alichokuja nacho. Jonathan ndiye aliyeyasikia haya akiwa ndani. Baba aliuliza, "Hiyo digrii yako, inaitwaje hasa?"

"Utamaduni na Masoko, baba."

"Sema tena, taratibu."

Akasema tena. Baba akarudia. Kesho yake akauliza upya, na kesho kutwa, na kila mara dada alimjibu kama ndiyo mara ya kwanza anaulizwa. Siku moja baba akasema, "Ukipona tutachinja. Nitawaita wote, na Maige nitamwita. Nitasema mwenyewe." Dada akamwambia, "Nitakuwepo, baba."

Haikuwa hivyo. Gladness alifariki dunia Jumamosi, tarehe 6 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na mumewe. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne. Nashindwa kuandika vizuri hapa, mtanisamehe.

Jana, tulipokuwa tunapanga mazishi, shemeji Jonathan alitoa wazo. Kamba ya ng'ombe mwekundu ipo bado kwenye mti wa mlango wa zizi, imekauka na kuwa nyeusi. Jonathan aliomba tuiweke ndani ya jeneza, kwa kuwa ndiyo aliyoiandikia utafiti wake na ndiyo iliyomsomesha. Sote tulikubali, mimi wa kwanza. Nilikuwa nimeshaifungua. Baba akainuka akanishika mkono.

"Mkwe wangu, asante, umewaza vizuri," alimwambia Jonathan. "Lakini hiyo haiendi. Mwenyewe ameandika. Anayeondoka anaondoka, kamba inabaki." Akaichukua, akakaa nayo mapajani, na hapo ndipo tulipomsikia akilia.

Marehemu ameacha mume, Jonathan Okwach; watoto wawili, Precious na Alexander; wazazi wake, Mzee Ngosha Shimba na Bi. Suzana, mimi mdogo wake pamoja na mke wangu na watoto, ukoo wa Okwach na wa Oyoo wa Rorya, walimu wenzake, wanafunzi wake wa miaka yote, na akina mama wa sokoni, ambao leo asubuhi wamekataa kuitwa wageni.

Hapa mimi naishia. Maneno yaliyobaki kwenye karatasi ni ya baba. Aliniambia jana niyaandike kama alivyoyatamka, na atayasema mwenyewe, kwa hiyo naomba mumsaidie kusimama.

"Mimi ni Ngosha Shimba. Majirani zangu mnanifahamu. Huyu ni binti yangu Gladness. Niliwaambia amesomea sheria. Hakusomea sheria. Niliuza ng'ombe mwekundu, na mwanangu akaenda chuo kikuu kusomea Utamaduni na Masoko. Alifaulu. Akawa mwalimu wa hayo. Nilipaswa kuwaambia akiwa amekaa hapa pembeni yangu. Mwanangu, pumzika kwa amani ya Bwana. Kamba yako ninayo."