Vitambaa Kumi na Sita vya Diganta Chetia

Wasikilizaji wapendwa, hapa ni Guwahati, na anayezungumza nanyi ni Rupjyoti Hazarika. Punguzeni moto jikoni, pitha zenu, vile vikeki vya mchele, zisiungue, mkae nami kidogo. Kesho ni Bihu, sikukuu yetu ya mwaka mpya. Asubuhi hii namkumbuka Diganta Chetia, mwanakemia, aliyetutoka Julai iliyopita akiwa na miaka ishirini na tisa.

Nalisema mapema nisije nikalikimbia: mama yake Diganta anasikiliza kule Dhemaji. Siku ya matanga nilimdanganya. Leo nimekuja kumwambia ukweli, na naogopa.

Diganta alizaliwa kijijini huko Dhemaji. Baba alifariki mapema, mama akawalea yeye na dada yake kwa kufuma nguo. Dada mtu, Himakshi, aliniambia hivi: "Alikuwa anamwagia maji jani la gimbi, halafu anakaa kutazama matone yanavyoviringika. Anaitwa kula, hasikii. Namwambia, we Diganta, hilo jani litakushibisha?"

Jani halikumshibisha, ila lilimsomesha. Shahada ya kwanza aliichukua Jorhat, ya pili Dibrugarh, zote za kemia. Kisha akaja hapa mjini kwa uzamivu, katika maabara nilimokuwa nikisoma mimi kabla ya kuja redioni. Tulikuwa wanafunzi watano. Diganta alisoma sayansi ya nyuso za metali, yaani yale yanayotokea pale metali inapoishia na hewa inapoanzia. Alikuwa na kipande cha platinamu kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Alitaka kujua ile gesi ya sumu ya moshi wa magari inavyoking'ang'ania, na joto likifika wapi inaachia. Akilijua hilo, alisema, vichujio vya magari vitatengenezwa vizuri zaidi.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Kipande hicho kilikaa ndani ya chungu kikubwa cha chuma kilichonyonywa hewa yote kwa pampu. Kukisafisha chungu kile ni kazi ya wiki nzima. Unakifunga kwa karatasi ya alumini na kukioka siku tatu, kama samaki kwenye jani la mgomba. Umeme ukikatika, lazima mtu awepo afunge vali haraka na awashe jenereta. Asipokuwepo, hewa inaingia, na kazi ya miezi inakwenda na maji.

Na Aprili yetu mnaijua. Bordoisila, yule binti wa dhoruba, anapita mbio kwenda kwa mama yake, anang'oa mabati njiani, umeme unakatika mara tatu kwa siku. Wakati wa Bihu hasa, wakati kila mtu anataka kwenda kwao.

Mwaka wa kwanza tuliulizana, nani anabaki? Kila mtu anatazama viatu vyake. Diganta akasema, "Nitabaki mimi."

"Kweli?" akauliza mwenzetu Pallab.

"Nendeni bwana, kabla sijabadili mawazo."

Tukaenda. Mwaka wa pili hakuna aliyeuliza. Pallab alikuwa akimtania kwa ile mashine, "Huyu keshaoa. Mkewe ana mabomba kumi na mawili, atamwachaje?" Diganta alicheka pamoja nasi. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mwaka wa tatu alinifuata nikifunga begi. "Dada Rupa, mwaka huu ungenishikia zamu? Mama anazeeka."

"Aa, Diganta! Nimeshakata tiketi. Mwakani nabaki mimi, nakuapia."

"Haya, hamna neno," akasema.

Mwakani ilipofika, nilikuwa nimeshasahau. Alibaki tena. Bihu nne, wasikilizaji wapendwa. Nne, na zote alibaki yeye.

Ikaja Julai. Diganta alishikwa na homa ya ubongo. Alilala chumbani kwake bwenini siku mbili, hakuna aliyegonga. Kila aliyeulizwa alijibu, atakuwa kwenye mashine yake. Siku ya tatu Pallab akavunja mlango, tukamkimbiza hospitali. Siku ya nne hakuwa nasi. Loo, Diganta!

Nilipewa kazi ya kufungasha vitu vyake. Chini ya kitanda palikuwa na sanduku la bati. Nikalifungua. Ndani palikuwa na gamosa, vile vitambaa vyetu vyeupe vya nakshi nyekundu tunavyopeana wakati wa Bihu. Vilikuwa kumi na sita, vyote vimekunjwa, havijaguswa. Sikuelewa. Nikavibeba kwangu, nikavitia kabatini.

Nilielewa siku ya matanga. Mama yake alinishika mikono yote miwili. "Wewe ndiye Rupa? Ndiye uliyekuwa unawapikia bata kwa boga jeupe? Kila Bihu alinipigia simu. Alikuwa akisema, mama, usihuzunike, tuko wote watano hapa, tunaimba, Dada Rupa kapika. Nikawa nawafumia wenzake wanne, kila mmoja gamosa yake, kila mwaka. Ziliwafaa, mwanangu?"

Nikamjibu, "Zilitufaa sana, mama."

Akanibusu paji la uso. Akanishukuru kwa kutomwacha mwanawe peke yake.

Mama, nisikilize sasa. Sikupika bata. Sikuwahi kumpikia mwanao hata yai. Bihu zote nne alikuwa peke yake na ile mashine, anakula wali wa jana, anakupigia simu na kukubunia wenzake. Alikudanganya usilie. Mimi nilikudanganya kwa sababu niliona haya kusema nilikuwa wapi. Vitambaa vyako hakumpa mtu, maana angetupaje bila kutuambia alichokuambia? Nisamehe kama unaweza.

Kwako mama, na kwako Himakshi, kituo hiki kinawapa pole, na mimi nawapa pole yangu ambayo haitoshi. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mnaofunga mabegi asubuhi hii: kama kazini kwenu yupo yule anayesema kila mwaka "nitabaki mimi", rudini mkamuulize mara ya pili, na mngoje ajibu.

Nikitoka hapa studio napanda basi la Dhemaji. Nimevibeba vitambaa vyote kumi na sita. Mama, ukinifungulia, nitaingia. Usipofungua, sitagonga tena. Nitakaa hapo uani Bihu nzima, peke yangu.