Mtihani wa Jumatatu, Saa Tisa

Sikilizeni wanangu, Nasri na Samiha. Sogeeni, sauti hii haifiki tena mlangoni. Nyumba hii ya Ngamiani na minazi ya Mkwaja vitagawanywa kwa faraidhi. Sina neno hapo. Ninalousia ni lile ambalo faraidhi hailigusi.

Miaka kumi na tisa nilikuwa mwalimu wa taaluma pale sekondari. Maabara ilikuwa na viti arobaini, na waliotaka fizikia na kemia kidato cha tatu walizidi mia. Mkuu wa shule alitaka wastani usishuke. Nikamtafutia njia: mtihani wa mchujo, Jumatatu, saa tisa alasiri. Saa hiyo watoto wa mtaa huu wako madrasa, na mimi nilijua, maana nilisoma humo humo. Alhamisi na Ijumaa madrasa hufungwa. Siku mbili zilikuwepo, sikuzitaka. Watoto wa maofisa, ambao maalimu huwafuata nyumbani baada ya magharibi, walifika wote. Wasiofika niliwaandikia maneno mawili: hapendi sayansi. Hakuna mzazi aliyekuja kuuliza, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa.

Ninyi wawili mlifika. Nilimwandikia maalimu kwamba mna homa. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtaa huu ulinivaa mimi.

Samiha, daktari wangu, unaposema mezani kwamba watoto wa hapa wavivu wa hesabu, mimi huisukuma sahani. Darasani kwenu aliyeongoza fizikia hukuwa wewe, alikuwa Mboni. Siku ile Mboni alikuwa madrasa, anasoma juzuu yake kama alivyoagizwa na mamake. Leo anakaanga samaki sokoni. Juma lililopita alikuja kunijulia hali, akaniambia, "Shikamoo mwalimu. Zuwena wangu yuko kidato cha pili, anaongoza kama nilivyoongoza mimi. Naye mtamwandika hapendi?" Akacheka. Afadhali angenitukana.

Nasri, ulirithi kazi yangu pale shuleni, hukubadili hata dakika. Nilipokuuliza ukanijibu, "Baba, ndio utaratibu." Neno hilo nilikufundisha mimi. Mla cha mwenzie na chake huliwa, lakini sisi tumekula miaka yote hii na bado tunapangusa midomo.

Mtihani ni keshokutwa. Nakuusia uuhamishe hadi Alhamisi, na utangazwe madrasa zote na sokoni, Mboni asikie kwa masikio yake. Katika theluthi yangu, ile ninayoruhusiwa kuusia nje ya mirathi, chumba cha mbele, kile mnachotaka kumpangishia muuza simu, nimekitoa wakfu: watoto wasomee humo hesabu na fizikia. Ufunguo apewe Mboni. Usiuombe, Samiha, nenda ufundishe. Na nikifa mtihani ukiwa bado ni Jumatatu saa tisa, Nasri, usitie bega kwenye jeneza langu. Watabeba watu wa mtaa, wakinitaka.

Nipeni maji... Basi, yatosha.

Mungu awape riziki isiyopokonywa kinywani mwa mtu. Awape watoto wanaouliza. Samiha, radhi zangu unazo. Nasri, zako... mpigie kwanza mkuu wa shule. Sasa, si kesho. Weka sauti ya nje, nisikie akijibu.

Nasri... mbona sisikii ikiita?