Bei ya Ndoo za Zege

Pale Jadida, mjini Wete, ubavuni mwa duka la vipuri vya baiskeli, pana benchi lenye miguu mitatu na tofali moja. Kila siku baada ya laasiri Hafidh huweka hapo jiko lake na dele la kahawa, na wenyewe wakajaa: Khatib, aitwaye Waziri kwa kuwa hakuna jambo la serikali asilolijua kabla ya serikali, Ngwali, aitwaye Daktari kwa kuuza mizizi, na Suhail, kibarua wa zege, asiye na jina la utani maana hasemi sana. Siku hiyo Suhail alifika wa mwisho, akakaa ukingoni.

Habari ilikuwa imeshaenea mji mzima. Asubuhi, kwenye jengo la ghorofa linalojengwa nyuma ya barabara, wanawake saba wabeba zege walitua ndoo zao chini. Walimwambia nyapara Shaame kuwa hawabebi tena mpaka walipwe sawa na wanaume. Zege likaganda ndani ya karai. Shaame akaapa kuwa atamjua aliyewatia maneno, na akishamjua, mtu huyo hatashika sepeto tena Wete nzima.

Aliyewatia maneno ni Suhail.

Hakukusudia. Ijumaa iliyopita Mwanakhamis, mmoja wa wale saba, mwenyeji wa kijiji cha Msuka, anayepanda naye ngazi moja kwa ndoo zilizo sawa, alimpa simu amsomee ujumbe wa malipo, kwani hajui kusoma. Elfu kumi na mbili kwa siku. Suhail akamrudishia simu. “Na yako?” Mwanakhamis akauliza. Ulimi ukateleza: elfu ishirini.

— Hino ni siasa, alianza Waziri. Wiki jana gari nyeupe imepita Mgogoni, vioo vyeusi tititi. Imewapa wanawake hao semina.

— Semina saa ngapi, yakhe, na hawakukosa kazini hata siku moja? aliuliza Hafidh huku akimimina.

— Ya simu! Siku hizi semina inakuingia mfukoni hujijui.

— Nyie mnaogopa gari, akasema Daktari kwa sauti ya chini. Mie naogopa kile kisima kilichofukiwa pale jengoni. Mna jini mle, wa kike. Ndiye aliyesema kwa vinywa vyao. Wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo inaingia wapi? akauliza Hafidh.

— Jini ndiye mgeni.

— Na jini kajuaje ujira wa wanaume?

— Ana miaka mia saba, atashindwa na hesabu?

Wakacheka. Suhail naye akajaribu, kikamtoka kikohozi.

— Na khasa wanataka nini? Waziri akaendelea. Mwanamke analishwa na mumewe. Hizo za kibarua ni za kununulia udi. Haba na haba hujaza kibaba, watosheke!

Suhail aliimeza kahawa ikiwa moto vile vile. Kati ya wale saba, watatu ni wajane na wawili wameachwa. Mume wa Mwanakhamis alikwenda Tanga, huu mwaka wa nne, hajarudi wala hajatoa talaka. Wa saba, Mize, mume anaye, lakini yuko kitandani tangu alipoanguka kutoka juu ya mkarafuu. Udi gani?

— N'kwambieni mwisho wake, Waziri akainua kidole. Mwenye jengo yuko Maskati. Akisikia, anauza. Akiuza yeye, wanauza wote. Benki zinafungwa, meli haiji, tunakula majani. Na yote kwa mdomo wa mtu mmoja! Mchuma janga hula na wa kwao.

— Leo methali moja umeipatia, akasema Hafidh.

Suhail alimfikiria Ruweida, mkewe, mwenye mimba ya miezi saba.

Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Akaitoa. Ulikuwa ujumbe wa Shaame, na Waziri, kwa mazoea yake, akachungulia na kuusoma kwa sauti:

— “Kesho njoo saa moja. Wanaume mtashika ndoo za wanawake.” Alhamdulillahi! Kazi yako imesalimika, bwana we!

Pumzi ikamrudia Suhail. Nyuma ya pumzi ikaja haya.

Wakati huo huo Mwanakhamis akatokea barabarani, pindo la buibui lina ukungu wa saruji. Alisimama ng'ambo ya mtaro, hakusogelea benchi la wanaume.

— Asalam aleikum.

— Waaleikum salaam, Bi Mwanakhamis. Waziri hakungoja. Hebu twambie, nani kakwambieni ujira wa wanaume?

Macho ya Mwanakhamis yalipita kwa kila mmoja. Yalipofika kwa Suhail hayakusita.

— Nilisikia sokoni. Na mie n'na suala langu. Nasikia kesho wanaume mtabeba ndoo zetu. Mtabeba kwa bei gani, yenu au yetu?

Daktari akawa anapanga mizizi iliyokwisha kupangwa. Hafidh akalitazama dele.

Suhail aliinuka, akampigia Shaame, akaweka spika wote wasikie.

— Kesho ni kwa bei gani, bosi?

— Bei ya ndoo. Kumi na mbili. Asiyetaka, wapo wengine. Na wewe nani kakufunza kuuliza?

Mwanakhamis, kule ng'ambo ya mtaro, alikuwa akitikisa kichwa: usiseme.

— Hakunifunza mtu. Ujumbe wao niliusoma mimi. Na bei yangu niliwaambia mimi.

Simu ikakatwa. Waziri akajisogeza kidogo kidogo upande wa pili wa benchi, kama mtu aliyekaa na mgonjwa wa kipindupindu.

— Nilikwishakuficha, Suhail, akasema Mwanakhamis. Sasa utamwambiaje Ruweida?

— Sijui.

Mwanakhamis akalikung'uta pindo la buibui.

— Sie kesho saa moja tutakuwa getini. Hatujui tutafanywa nini. Ukija, simama karibu na Mize. Anaogopa.

— Na mie naogopa, akasema Suhail.

— Basi simameni pamoja.